Karte Tisa Katika Mpira Mmoja

Ninyi mliopokea karte yenu ya kwanza ya benki mwaka huu, na ninyi mnaokaa sasa nyuma ya vioo tulikokaa sisi, nataka kuwasimulia kitu nilichokiona kwa macho yangu bila kushtuka. Mshtuko ulikuja miaka mitatu baadaye, na mpaka leo haujanitoka.

Nilikuwa kazini mjini Beni, agent wa mikopo kwenye tawi la koperative yetu ya akiba na mikopo. Mwanaume mmoja aliweka juu ya meza yangu karte tisa za benki zilizofungwa kwa mpira, kama mafungu ya vitunguu sokoni. Nyuma ya kila karte palikuwa na kipande cha plasta, ile nyeupe ya kufungia kidonda, na juu ya plasta namba nne zilizoandikwa kwa kalamu ya bic. Zilikuwa kode za siri za walimu tisa. Nilizitazama, nikacheka.

"Diro," nikamwambia, "sasa weye njo benki yenyewe."

"Mama Masika, benki iko na mulango ya chuma. Miye niko na mufuko ya shati tu."

Tukacheka wote wawili. Alikuwa amepita kunisalimia tu, akaenda zake.

Diro ni jina tulilompa sote. Alikuwa mkurugenzi, yaani mwalimu mkuu, wa shule ya msingi kule Bulengera, Butembo. Kabla sijahamishiwa Beni tuliimba pamoja kwaya ya parokia miaka mingi, yeye sauti ya chini, mimi ya kwanza. Kama hamkumjua, mjue tu kwamba wazazi walimwachia michango ya shule bila kuomba risiti.

Karte zile zilifikaje mfukoni mwake? Walimu walipoanza kulipwa kwa benki, siku ya mshahara mstari wa Butembo ulikuwa unaanza alfajiri na kuisha kesho yake. Mwalimu akienda kupanga mstari, darasa linakaa siku mbili bila mtu. Basi kila shule ikachagua mmoja wa kutumwa. Unampa karte, unampa kode, unampa fotokopi ya karte yako ya mpiga kura kwa ajili ya walinzi wenye maswali, na unaongeza pesa kidogo ya moto, yaani pikipiki. Diro yeye alikuwa anakwenda mpaka Beni, ambako mstari ulikuwa mfupi, na jioni anarudi na anvelopu tisa, kila moja na jina. Haikuwahi kupungua hata noti moja. Hakuna mwalimu aliyeona kwamba anafanya kosa. Aliyekataa kutoa karte yake ndiye aliyeonekana mbaya: anamudharau Diro, anajiona nani.

Aliyenifundisha kazi, Mzee Mbusa, angezikamata karte zile na kumfukuza Diro na mpira wake. Alianza kazi enzi za karatasi za kaboni, na kanuni yake, ambayo wateja wote wa Butembo waliijua, ilikuwa moja: leta pua. Mtu akija kuomba mkopo kwa niaba ya kaka yake, mzee anamuuliza, bila kuinua kichwa:

"Kaka yako iko na pua?"

"Iko nayo, Papa."

"Basi ailete hapa."

Siku moja mke wake mwenyewe alikuja na kitabu cha akiba cha mdogo wake aliyekuwa hospitali, kutoa pesa ya dawa. Mzee alimrudisha. Baadaye alipanda mwenyewe mpaka hospitali na karatasi mkononi, akaiona pua ya shemeji yake juu ya mto, akatia sahihi palepale. Lakini wiki nzima nyumbani alikula bugali baridi. Alituambia hayo kwa fahari, kama mtu anayeonyesha kovu.

Chini kabisa ya fomu yetu ya mkopo palikuwa na mstari mmoja: Nimemwona mkopaji mwenyewe. Kando yake, sahihi ya agent. "Hesabu zote za juu, mashini inaweza kufanya," Mzee Mbusa alitufundisha. "Mustari hii moja njo bananilipia mushahara."

Sasa niwapeleke Butembo. Miaka mitatu ilikuwa imepita, nilikuwa nimerudishwa huko, na nilibakiza miezi miwili nistaafu. Kompyuta zilikuwa zimeunganisha matawi yetu yote. Zamani kila tawi lilikuwa na daftari lake na Beni haikujua kinachofanyika Butembo. Jumatatu moja akaingia Mwalimu Kahambu, mama wa watoto wanne, anafundisha darasa la pili kwenye shule ile ile ya Diro. Nilimfahamu kwa sifa kuliko kwa sura. Zamani, kabla ya kompyuta, alikuwa amechukua mikopo midogo mitatu kwetu na kuirudisha yote kabla ya tarehe. Gérant wetu, mkuu wa tawi, alikuwa analitaja jina lake kwenye mikutano ya matawi yote, hata sisi wa Beni tukalijua.

Alikuwa anataka mkopo wa kumalizia malipo ya parsele, kiwanja cha kujenga, kule Vulamba. Muuzaji alikuwa mzee anayerudi kwao Luofu kulima. Alikuwa amepokea pesa za Kahambu kidogo kidogo mwaka mzima, lakini lori lake lilikuwa linaondoka Jumamosi na pesa iliyobaki aliitaka yote pamoja. Mfanyabiashara mmoja alikuwa tayari kuilipa parsele ile mara moja.

"Jumamosi saa sita, Mama," Kahambu alisema. "Nimelipa kodi ya nyumba miaka kumi na moja. Batoto banauliza kila siku: tunaenda lini kwetu?"

Niliandika jina lake kwenye kompyuta. Likatokea kwa rangi nyekundu.

Nilidhani nimekosea herufi. Nikaandika tena, polepole. Nyekundu. Mkopo uliotolewa Beni, miaka mitatu nyuma, umelipwa miezi kadhaa, kisha kimya. Mkopaji mbaya. Asipewe kitu.

"Mwalimu, uliisha kukopa Beni?"

"Beni? Miye Beni nilifika kwa harusi ya binamu yangu, basi. Juu ya nini?"

Nikageuza skrini aione. Alisoma jina lake, akasoma tena namba ya karte yake ya mpiga kura, kidole chake kikigusa kioo.

"Ile ni miye," alisema. "Lakini hapana miye."

Nilimwambia angojee, nitaagiza dosye, faili la mkopo ule, kutoka Beni. Alinishukuru mara mbili kabla ya kutoka, nikajisikia mwenye nguvu, kama daktari. Nilikuwa na uhakika kwamba kijana fulani asiye makini kule Beni amefanya uzembe. Nilishaanza kutunga maneno ya kumsema.

Dosye ilifika Jumatano asubuhi, kwenye mkoba wa motari wetu, mwendesha pikipiki. Kahambu alikuwa amekaa mbele yangu. Kwanza nikaona fotokopi ya karte yake ya mpiga kura, safi, bila alama yoyote juu yake. Kisha barua ya kumruhusu mtu mwingine achukue pesa. Kisha fomu. Nikashuka na macho mpaka mstari wa mwisho, nimwone huyo kijana.

Sahihi ilikuwa yangu.

Ndipo siku ile iliponirudia. Siku mbili baada ya zile karte tisa, Diro alikuwa amekuja tena Beni, uso wake kama majivu. Aliniambia Mwalimu Kahambu amejifungua juzi, hawezi safari, anataka kujenga jiko, fomu amejaza mwenyewe nyumbani, barua hii hapa. Nilijua jina la Kahambu kuwa ni jina safi. Nilijua Diro kuwa ni Diro. Wateja kumi walikuwa wanangoja nyuma yake. Nikatia sahihi pale palipoandikwa kwamba nimemwona, na sikuwa nimeona hata kivuli chake.

Kahambu alikuwa amenyoosha shingo anasoma kichwa chini. Mwalimu wa darasa la pili anasoma maandishi ya pande zote.

"Hapa wameandika uliniona," alisema.

"Ndiyo."

"Uliniona wapi?"

Nilifanya kazi ile miaka mingi. Nimejibu wakaguzi, nimejibu polisi, nimejibu wanaume waliolewa. Yeye nilimgeuzia fomu, nikamwonyesha sahihi yangu.

Tulimwita Diro. Alikuja saa nane, na chaki bado kwenye mkono wa koti. Alipoiona fomu juu ya meza hakujitetea. Aliketi, akavua kofia, akatueleza. Siku ile ya zile karte, alipokuwa anarudi Butembo na mishahara, gari lao lilisimamishwa njiani na watu wenye silaha. Walichukua simu, walichukua saa, walichukua anvelopu zote tisa.

"Ulipaswa kutuambia," Kahambu akasema.

"Ningekuambieni nini? Batu kenda, kila mutu na nyumba yake. Wangesema: Diro amekula, sasa analeta hadisi ya bandi ya bunduki. Miye mwenyewe ningesema vile. Nilisema benki haina feza, mungojee. Nikatafuta."

"Na jina yangu? Juu ya nini jina yangu?"

"Yangu ilikuwa na deni ya mabati. Yako ilikuwa safi kupita zote, Mwalimu. Nilijua wasingeiuliza."

Kahambu alikunja kidole kimoja, kisha kingine. Niliona anahesabu, si pesa, anahesabu siku. Kisha akasema polepole:

"Kumbe mushahara ya mwezi ule, ulinilipa na deni yangu mwenyewe."

Diro akainamisha kichwa.

"Na miye nikakuambia aksanti. Nikakuongezea hata ya soda."

Hapo ndipo mshtuko uliponikaa vizuri. Nilikuwa nimejiandaa kumwona mwizi, na nilimwona mtu ambaye hakula hata franka moja. Alikuwa amelipa deni lile kila mwezi kwa pesa ya moto, zile noti ndogo ambazo walimu walimwongezea kwa safari. Yeye alikuwa anapanda lori juu ya mizigo ili zibaki. Namba ya simu kwenye fomu ilikuwa yake, kwa hiyo kila koperative ilipopiga kukumbusha, alijibu yeye. Kisha mishahara ikahamia kwenye simu. Walimu wakachukua karte zao, pesa ya moto ikaisha, na malipo yakaisha nayo. Simu ya Beni ikaendelea kulia mpaka alipobadilisha namba. Jina la Kahambu likabaki peke yake kwenye daftari, linaoza, na mwenyewe hajui.

Hapa nisimame kidogo niwaambie ya kazi, maana najua wengine mtasoma mpaka hapa na kusema: hayo ni ya karte, sisi tuko na simu. Nimewaona kwenye vibanda vya pesa za simu kule Bulengera. Mnamtajia muuza yuniti kode kwa sauti, watu wanne wanasikia, kisha mnaziba skrini kwa kiganja ili mchumba asione meseji. Kode ni kode. Ukimpa mtu kwa sababu ni mwema, umempa pia siku yake mbaya, na siku yake mbaya huijui, hata yeye haijui.

Fotokopi ya karte ya mpiga kura usiitoe nyeupe hivihivi. Pitisha mistari miwili ya bic kwa upande, uandike katikati ni ya nini na tarehe ya leo. Fotokopi yenye maandishi hayo haiwezi kufanya kazi nyingine. Ukiingia koperative au benki, usiulize salio tu. Uliza kama kuna mkopo wowote kwa jina lako, katika tawi lolote, na namba gani ya simu imeandikwa hapo. Agent atakasirika. Muache akasirike. Na ukimaliza mkopo, omba karatasi inayosema umemaliza, uiweke pale unapoweka cheti cha ubatizo. Mimi nilikuwa na mteja aliyeiweka kwenye fremu ukutani, kando ya picha ya harusi. Mume wake alilalamika kwamba wageni wanaitazama ile kuliko yeye. Nilimcheka zamani. Sasa simcheki.

Alhamisi asubuhi gérant wetu, kijana mwenye heshima, aliniita ofisini kwake, akafunga mlango.

"Mama Masika, nimefikiri. Diro anauza mbuzi, anatafuta, analipa iliyobaki. Tunafunga dosye. Weye umebakiza miezi mbili. Hakuna mutu anajua."

"Na jina ya Mwalimu?"

"Itaandikwa: amelipa, na kuchelewa sana. Miaka ikipita alama inapunguka."

"Na mukopo yake ya Jumamosi?"

"Mama, na alama ile? Hapana."

Nilimuuliza kuna njia gani ya kuifuta kabisa. Akaniambia kuna moja: agent aliyetoa mkopo aandike kwamba mkopaji hakuwahi kufika. Basi deni linatoka kwa Kahambu, na linamwendea agent, kwenye pesa yake ya mwisho wa kazi. Na kwenye dosye yake ya kazi linabaki neno la kudanganya.

Ile pesa ya mwisho nilikuwa nimeshaitumia kichwani mara nyingi: mabati mapya, ng'ombe mmoja, meno yangu. Siwezi kuwaambia kwamba niliamua kwa ujasiri. Nilitoka, nikaenda kunywa chai, nikarudi, nikatoka tena kwenda chooni bila haja. Kila nilipoona mteja amekaa mbele ya kioo niliona ile shingo iliyonyooka inasoma kichwa chini. Karibu na saa sita nikachukua karatasi. Nilitaka kueleza mengi, kwaya, uso kama majivu, mstari wa watu kumi. Nikaishia kuandika sentensi moja: Mkopaji huyu sikumwona. Nikatia sahihi ile ile.

Lakini karatasi haikimbii kama lori. Kamati ya kufuta jina ilikaa Jumanne ya wiki iliyofuata. Jumamosi saa sita yule mzee wa Luofu alimrudishia Kahambu pesa zake zote, akamuomba msamaha, akapokea za mfanyabiashara na kupanda gari. Sina cha kumlaumu. Jumapili baada ya misa nilimpelekea Kahambu kiasi nilichokuwa nacho nyumbani, aanzie kutafuta nyingine. Hakukigusa.

"Hapana, Mama. Nimechoka na feza yenye kupita mu mikono ya batu wazuri."

Aliniambia hivyo mlangoni kwake, kwa upole, na nyuma yake mtoto mmoja alikuwa anauliza kama leo ndiyo siku ya kuhama.

Nilistaafu bila hotuba. Kreti za soda zilikuwa zimeshalipiwa, kwa hiyo tulizinywa, kila mtu anatazama chupa yake. Diro hakutupwa gerezani. Kahambu hakutaka, na walimu wengine wanane walipojua, waligawanyika: nusu walimlilia, nusu hawamsalimii mpaka leo. Ameshushwa, anafundisha darasa la nne. Kila mwezi ananitumia kidogo kwa simu, na kila mara anaandika neno moja tu: Diro. Kwaya aliacha. Sauti ya chini sasa anaimba kijana asiyejua kupumua.

Mwaka uliofuata nilipata simu. Alikuwa Kahambu. Jina lake safi lilikuwa limempa mkopo, na amepata parsele huko juu Bulengera, ndogo kuliko ile ya Vulamba, kwenye mteremko ambao hata moto inashindwa kuupanda mvua ikinyesha. Anahitaji shahidi upande wa mnunuzi. Nikadhani amekosea namba.

Nilipanda kwa miguu. Nilikuta meza imewekwa nje, muuzaji, chef, mkuu wa mtaa, na muhuri wake, na Kahambu amevaa kitenge kipya. Watoto walikuwa wanapima ardhi kwa hatua, wanagombana chumba cha nani kitakuwa wapi. Chef alisoma karatasi ya mauzo, muuzaji akatia sahihi, Kahambu akatia. Nikanyoosha mkono nipokee bic.

Hakunipa.

"Mama Masika, karte yako. Na fotokopi."

Chef akasema, "Mwalimu, huyu mama sote tunamujua."

"Najua munamujua, Chef."

Nikatoa zote mbili mkobani. Alichukua fotokopi yangu, akapitisha mistari miwili kwa upande, akaandika katikati: ushahidi wa parsele tu, na tarehe. Kisha akashika karte yangu ya mpiga kura, akaitazama picha, akanitazama uso, akarudi kwenye picha, akarudi kwangu. Alichukua muda wake. Watoto waliacha kugombana wakaja kutazama mama yao anafanya nini. Nilisimama pale, mzee mzima, mikono pembeni, kama mteja.

"Pua iko," akasema, na akanipa bic.